Tambi, Bia na Busaa: Mlo wa Kiitaliano katika Meza ya Pioneer

Aghalabu, istilahi za Kiswahili zinapojadiliwa, mifano hutolewa katika sayansi, sheria na kompyuta. Meza ya chakula husahauliwa, ilhali ndipo maneno yanapoonjwa kila siku. Makala hii inaeleza jinsi mlo wa Kiitaliano unavyoweza kuandamanishwa na bia za viwanda vidogo katika mtaa wa Pioneer, mjini Eldoret. Aidha, inaonyesha kuwa majina wanayoyatumia watu kuviita vileo hubeba hukumu ambazo ulimi haukuzitoa.

Pioneer ni mtaa ulio karibu na Langas, katika Kaunti ya Uasin Gishu. Kaunti hii inajulikana kwa kilimo cha ngano, na shayiri pia hulimwa humo. Ngano ni mama wa tambi. Shayiri ni mama wa bia. Kwa hiyo mlo huu si mgeni kama unavyodhaniwa. Ni kweli kwamba tambi kavu za Kiitaliano hutengenezwa kwa ngano ngumu. Hata hivyo, tambi mbichi za mayai za kaskazini mwa Italia hukandwa kwa unga wa ngano laini, ile ile ya mkate na chapati. Mpishi wa Pioneer mwenye unga, mayai na kibao cha kusukumia chapati hajapungukiwa na kitu.

Kiswahili nacho si mgeni katika meza hii. Waswahili wa pwani wamezoea tambi za sukari, zenye iliki na zabibu. Neno tambi ndilo pia wingi wa utambi wa taa. Nalo neno la Kiitaliano spaghetti limetokana na spago, yaani kamba nyembamba. Lugha mbili, pasi na kuulizana, zimeona uzi katika sahani. Hali kadhalika, dhana ya kuoanisha vyakula imo katika kitenzi kutowea: mtu hutowea ugali kwa samaki au mboga. Bia inayoteuliwa kwa ajili ya mlo ni kitoweo cha kunywa.

Je, kitoweo hicho huteuliwaje? Kanuni ya kwanza ni kusafisha kinywa. Gesi ya bia na uchungu wa hopi hukata mafuta. Hivyo bia chungu kiasi hufaa piza yenye jibini nyingi. Kanuni ya pili ni kusawazisha. Nyanya ina uchachu, na kimea kilichokaushwa kwa moto hadi kikawa cha hudhurungi kina utamu. Kwa hiyo tambi zenye rojo la nyanya na nyama ya kusaga hupatana na bia ya rangi ya kahawia. Kanuni ya tatu ni kulinganisha uzito. Samaki na saladi hutaka bia nyepesi ya ngano, ilhali bia nyeusi, yenye ladha ya kimea kilichochomwa, husubiri nyama ya kuokwa au kitindamlo cha chokoleti. Tahadhari moja ni pilipili: uchungu mwingi wa hopi huuzidisha ukali wake.

Waitaliano wenyewe, waliozoea divai, waliigeukia bia ya namna hii kwa dhati katika miaka ya 1990. Mnamo 1996 Teo Musso alianza kupika bia yake ya Baladin katika kijiji cha Piozzo, akikusudia inywewe mezani pamoja na chakula. Miaka 20 baadaye, yaani 2016, sheria ya Italia iliipa bia hiyo fasili: ni bia ya kiwanda kidogo kinachojitegemea, isiyochemshwa ili kuua chachu wala kuchujwa kwa vichujio vyembamba mno. Jina lililotumika, birra artigianale, limetokana na neno lao la fundi.

Fasili hiyo ikipelekwa Pioneer, inabisha mlango wa busaa. Unga wa mahindi hukandwa na kuachwa uchachuke, hukaangwa hadi ubadilike rangi, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, ukaachwa tena uchachuke. Ladha yake ni ya uchachu na nafaka iliyokaangwa. Kwa kanuni zilizotajwa, uchachu huo ungekata mafuta ya jibini barabara. Busaa hupikwa kwa kiasi kidogo, haichemshwi baada ya kuchachuka, na siri yake imo mikononi mwa mpishi.

Hata hivyo, kinywaji cha chupa huitwa bia, ilhali busaa huitwa pombe ya kienyeji. Kapu hilo la "kienyeji" huichanganya busaa, iliyochachuliwa tu, na chang'aa, iliyokenekwa na yenye kileo kikali zaidi. Athari zake si za msamiati pekee. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilifuta Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa ya mwaka 1980, ikaweka masharti ya leseni, viwango na ufungashaji. Masharti hayo yana maana, kwani kileo kisichokaguliwa kimewahi kuua na kupofusha. Lakini mama mpika busaa asiye na mtaji wa chupa na leseni hubaki nje, huku umma ukiendelea kumwita kwa jina moja na mkeneka chang'aa.

Kwa kuhitimisha, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawatoi leseni, lakini hutoa maneno. Istilahi "bia ya ufundi" ingeweza kuzijumuisha bia za viwanda vidogo vya mjini pamoja na busaa iliyopikwa kwa usafi, na kumtambua mpishi kwa kazi yake badala ya mahali alipotoka. Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hiyo ni sababu ya kumkagua mgema, wala si sababu ya kumnyima jina.