Malaria: Mgeni Anayejificha Kwenye Ini

Leo tuanze na kisa ambacho huenda kimeshakupata.

Likizo inakaribia kwisha. Uko nyumbani Pongwe. Usiku wa mwisho joto limezidi, chandarua unakiona kinakubana, unakifunga juu na kulala hivyo hivyo. Asubuhi unapanda basi, unapita Mombo, unapandisha mlima mpaka shuleni Lushoto. Wiki nzima unasoma na kucheza mpira, mzima kabisa. Siku ya kumi na mbili unaanza kutetemeka darasani. Wenzako wanakwambia, "Hiyo ni baridi ya mlimani tu, huku hakuna malaria." Unajifunika blanketi, unalala.

Hapo ndipo hatari ilipo! Mbu alikuuma Pongwe, homa imekukuta Lushoto. Sasa jiulize: siku zote hizo vijidudu vya malaria vilikuwa wapi?

Jibu ni hili: wiki ya kwanza vilikuwa ndani ya ini lako.

Safari ya kwenda kwenye ini

Mbu jike aina ya Anofelesi anapokuuma, huacha kwenye ngozi vijidudu vichache tu, pengine kumi, pengine mia. Vinavyofanikiwa kuingia kwenye damu hufika kwenye ini haraka sana, na katika muda wa saa chache vimeshaanza kujificha.

Ini lina walinzi wake. Ni chembechembe zinazoitwa chembe za Kupffer, kwa jina la mtaalamu wa Kijerumani aliyezieleza mwaka 1876. Zimekaa kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, na kazi yake ni kumeza bakteria na uchafu unaopita. Lakini wanasayansi wakichunguza wanyama wa maabara wameona jambo la ajabu: kijidudu cha malaria kinaweza kupenya katikati ya mlinzi huyo na kutokea upande wa pili kikiwa hai! Kisha huingia ndani ya chembe ya ini, na huko kinatulia.

Kwa nini askari wengine hawaji?

Kwanza, ini hupokea damu inayotoka tumboni, yenye mabaki mengi ya chakula tulichokula. Kama askari wake wangekuwa wanapigana na kila kitu kigeni, tungeugua kila baada ya mlo. Kwa hiyo ini limezoea kuwa na subira, na kijidudu hunufaika na subira hiyo.

Pili, chembe za ini zilizovamiwa ni chache mno kati ya mabilioni. Wapo askari wa damu, chembe T, wanaoweza kuitambua chembe iliyovamiwa na kuiua pamoja na kijidudu kilichomo. Shida ni kuwahi kuipata. Ni sawa na kumtafuta mwizi mmoja katika Tanga nzima, nawe umepewa wiki moja tu.

Huyu si "waja leo waondoka leo"

Mgeni huyu hukaa kwenye ini karibu siku sita au saba, akizaliana kimya kimya. Kijidudu kimoja hutoa maelfu kwa maelfu ya watoto! Siku ya kutoka, watoto hao hutoka wamefungwa katika vifuko vilivyotengenezwa kwa utando wa chembe ya ini yenyewe. Walinzi wakitazama wanaona ngozi ya mwenyeji, wanawaacha wapite. Vifuko vikipasuka, vijidudu huvamia chembe nyekundu za damu. Vikiongezeka vya kutosha, homa inaanza.

Ndiyo maana ukiumwa na mbu jana huwezi kusema leo una malaria ya mbu huyo. Na ukipima siku ya tatu, kipimo hakitaona kitu, kwa sababu kwenye damu bado hakuna kitu.

"Mimi nimeshaizoea malaria"

Wengi wetu wa pwani tunasema hivyo. Ni kweli kwamba mtu aliyeugua mara nyingi hupata kinga kiasi. Lakini kinga hiyo zaidi hupigana na vijidudu vilivyokwisha ingia kwenye damu, na hupungua ukikaa muda mrefu mahali pasipo na malaria. Wewe unayesoma mlimani, ukirudi Pongwe usijifanye mwenyeji!

Wataalamu nao wanajaribu kumkamata mgeni kabla hajafika kwenye ini. Chanjo ya RTS,S ilijaribiwa nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Korogwe na Bagamoyo hapa kwetu, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Chanjo ya R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo, ilifuata mwaka 2023. Zinasaidia, lakini haziondoi haja ya chandarua.

Sasa wewe ufanye nini?

• Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata usiku wa mwisho wa likizo.
• Ukipata homa, nenda kituo cha afya ukapime. Mwambie mhudumu ulikuwa wapi wiki mbili au tatu zilizopita.
• Kipimo kikionyesha huna, na homa inaendelea, rudi ukapime tena.
• Ukipewa dawa mseto, maliza dozi zote sita kwa siku tatu. Usimwachie mwenzako vidonge vilivyobaki, havitakiwi kubaki.
• Mwenzako akipata degedege, akichanganyikiwa, akitapika kila kitu, au macho yakiwa ya manjano, usingoje asubuhi. Mwambie mwalimu, apelekwe hospitali mara moja.

Na siku ukimsikia mtu bwenini akisema "ni baridi tu", muulize swali moja: "Likizo ulikuwa wapi?" Swali hilo linaweza kuokoa maisha yake.