Tingatinga: Kuiga au Kubuni?

Wenzangu husema picha za Tingatinga zinazouzwa kando ya barabara Dar es Salaam ni kopi tu: chui yule yule, ndege yule yule. Sikubali. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya silingibodi. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, wanafunzi wake, baadhi yao ndugu zake, waliendeleza fani hiyo. Kwao kuiga ndiyo shule yenyewe. Mbona fanani wa ngano hutumia sungura yule yule, na hatumwiti mwizi? Mohamed Charinda alipojaza kijiji kizima na visa vyake, pale ambapo Tingatinga mara nyingi aliweka mnyama mmoja, alibuni. Anayerudia madoa kwa kuwa mtalii kaagiza picha kumi, huyo ni mnakili, japo najua ana watoto wa kulisha.