Kususana Visiwani: Uhasama wa Wafuasi wa Vyama Zanzibar

Uhasama wa kisiasa Zanzibar huandikwa zaidi kwa hesabu ya kura na ya maiti. Wakaazi wa Unguja na Pemba, hata hivyo, wameuona kwanza dukani, kisimani, kwenye gari la abiria na makaburini. Mfuasi wa chama hiki hanunui kwa mfuasi wa chama kile, hapandi gari lake, haendi harusini kwake, na ukifika msiba hatii bega kwenye jeneza. Silaha hii ya kususa ilianza kutumika katika miaka ya 1950. Ikalala, ikaamka, ikalala tena, na kila ilipoamka ilirudi na sura ileile, ingawa vyama vilishabadilika majina.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama ulifanyika Julai 1957, Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Uingereza na Sultani akiwa bado kwenye kiti chake. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 6 tu. Upande mmoja ulisimama Zanzibar Nationalist Party, ambayo watu waliiita Hizbu. Upande wa pili kulikuwa na jumuiya ya Waafrika na Washirazi iliyokuja kuwa Afro-Shirazi Party, au Afro kwa mkato. Hizbu haikupata hata kiti kimoja. Kiongozi wake, Ali Muhsin Barwani, alishindwa na Abeid Amani Karume katika jimbo la Ng'ambo. Badala ya kuivunja Hizbu, matokeo hayo yaliifanya ijipange mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji. Afro nayo haikukaa kimya, na katika muda mfupi kukawa hakuna nyumba isiyojulikana ni ya nani.

Ugomvi ulishika moto mashambani kabla ya kufika mjini. Chini ya mikarafuu na minazi ya wenye mashamba, ambao wengi wao walikuwa Waarabu, waliishi maskwota waliolima mihogo na mazao mengine ya chakula. Kodi walikuwa hawalipi. Mwenye shamba aliridhika kwa kuwa shamba lake lilibaki safi na miti ikapata mtu wa kuitazama. Mapatano hayo hayakuandikwa popote. Yalisimama juu ya mazoea na kuaminiana. Baada ya uchaguzi, wenye mashamba waliokuwa Hizbu walianza kuwafukuza maskwota waliojulikana kuwa Afro. Afro ikajibu kwa kususia maduka ya Waarabu na kuanzisha maduka yake ya ushirika. Hapo ndipo kadi ya chama ilipoanza kuamua nani anunue wapi, alime wapi na alale wapi.

Miaka hiyo Wazanzibari wameipa jina la Zama za Siasa, na wazee wanapoitaja hawakusudii mikutano ya hadhara peke yake. Ndoa zilivunjika kwa sababu mume alikuwa Hizbu na wakwe zake Afro. Watu walikataa kusali nyuma ya imamu wa upande wa pili. Abiria alikuwa radhi kungojea juani hadi lipite gari la mtu wa chama chake. Zito kuliko yote lilikuwa la mazishi. Katika jamii ya Kiislamu ya visiwani, kumzika jirani ni haki ya maiti na wajibu wa aliye hai, na mtu aliyeachwa azike na wanawe tu amepewa adhabu ambayo hakuna mahakama ingeweza kuitoa. Ukali wa kususa ulikuwa hapo: hakukuwa na kosa la kushitakiwa, wala mtu wa kumpeleka polisi kwa kosa la kutohudhuria hitima.

Mwaka 1958 vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na Kati, vilivyokuwa vimejiunga chini ya PAFMECA, viliwaleta viongozi wa Hizbu na Afro katika kamati moja. Vitisho na kususana vikapungua kwa muda. Kamati hiyo haikudumu, na Desemba 1959 Afro yenyewe ilipasuka. Mohammed Shamte na wenzake walitoka na kuunda Zanzibar and Pemba People's Party, chama kidogo ambacho baadaye kiliungana na Hizbu na kuamua nani atawale.

Uchaguzi wa Januari 1961 unaeleza kwa nini joto halikushuka. Afro ilipata viti 10, Hizbu 9, na chama cha Shamte 3. Mmoja wa hao watatu akaenda upande wa Afro, wawili wakaenda Hizbu, na pande mbili zikabaki 11 kwa 11. Katika jimbo la Chake Chake, Afro ilishinda kwa kura moja tu. Panapokuwa na hesabu kama hiyo, kila jirani ni kura ya kuchungwa. Anayekwenda kumpa pole mtu wa chama cha pili hutiliwa shaka kuwa anakwenda kuhama. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo, na siku ya kupiga kura ghasia zikaanza mjini, zikahamia mashambani, zikaua watu 68, wengi wao Waarabu. Mwaka 1963 Afro ilipata kura nyingi kuliko washindani wake wote wakijumlishwa pamoja, lakini viti vingi vilikwenda kwa muungano wa Hizbu na Shamte, na serikali ikawa yao. Uhuru ulipatikana Desemba 10, 1963. Mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964, yakaiweka Afro madarakani, yakaua maelfu na kuwafanya wengine wengi waihame nchi.

Kwa karibu miaka 30 hakukuwa na ushindani wa vyama. Afro ilitawala peke yake hadi Februari 5, 1977, ilipoungana na TANU ya Tanzania Bara na kuzaa Chama Cha Mapinduzi. Uhasama ulipigwa marufuku, haukusuluhishwa. Kumwita mtu Hizbu kuliendelea kuwa tusi zito, na vijana waliozaliwa baada ya Mapinduzi waliujua ugomvi wa babu zao bila ya kuuona.

Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, ramani ya zamani ilijitokeza haraka. Chama cha Wananchi, yaani CUF, kilipata nguvu Pemba na katika Mji Mkongwe. CCM ikashika sehemu kubwa ya Unguja. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF. CUF ilichukua majimbo yote 21 ya Pemba na ikakataa kumtambua rais. Chama kilichoungwa mkono na karibu nusu ya wapiga kura hakikupata hata wizara moja, na hakuna sababu ya uhasama uliofuata inayoipita hiyo. Mshindi alichukua serikali, ajira na mamlaka yote, na aliyeshindwa akabakiwa na kususa. Maduka yakasusiwa tena, mazishi yakasusiwa tena, na misikiti ikaanza kutajwa kwa vyama.

Mambo mawili yaliuleta ugomvi huo hadi mlangoni. La kwanza ni vijiwe. Maskani za CCM, na ile ya Kisonge pale Michenzani ikivuma kuliko zote, ziliweka mbao za kuandikia zilizojaa kejeli dhidi ya upinzani, na mara nyingine dhidi ya Wapemba kwa jumla. Wafuasi wa CUF nao walikuwa na baraza zao, kama Jaws Corner katika Mji Mkongwe, ambako kahawa ilinyweka na habari za serikali zikachambuliwa bila huruma. Baraza, ambayo tangu zamani ilikuwa mahali pa majirani wa kila namna, ikawa ya upande mmoja.

La pili ni sheha. Huyu ndiye kiongozi wa serikali katika eneo dogo kabisa, shehia, na ndiye anayeulizwa kama fulani ni mkaazi wa hapo. Sheria ya uchaguzi imedai mtu awe ameishi jimboni kwa muda maalumu kabla ya kuandikishwa, muda ambao kwa miaka mingi umekuwa miezi 36. Jirani anayekutana na mwenzake kisimani kila siku akawa na uwezo wa kumnyima kura, na kwa kuwa masheha huteuliwa na serikali, wafuasi wa upinzani waliwahesabu kuwa mawakala wa CCM. Katika chuki za visiwani, nyingi zilizoonekana kuwa za vyama ziliandamana na jina la mtu aliyekatwa kwenye daftari.

Suluhu zilijaribiwa juu. Muafaka wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, ukafa kabla ya kutekelezwa. Uchaguzi wa 2000 ulilazimika kurudiwa katika majimbo 16, na maandamano ya CUF ya Januari 26 na 27, 2001 yalikabiliwa kwa risasi. Tume ya serikali ilihesabu vifo 31. Wapemba wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, tukio lililoifanya Tanzania, mwenyeji wa wakimbizi wa nchi za jirani, itoe wakimbizi wake. Muafaka wa pili wa Oktoba mwaka huo ulileta tume ya uchaguzi yenye wajumbe wa upinzani na daftari la kudumu. Haukugusa suala la nani aingie serikalini.

Suala hilo liliguswa Novemba 5, 2009, Rais Amani Abeid Karume alipokutana na Maalim Seif Ikulu. Julai 31, 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa: chama cha pili kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na wizara zinagawanywa kwa kufuata viti. Oktoba mwaka huo Ali Mohamed Shein alimshinda Seif kwa pengo la karibu asilimia moja tu, dogo kabisa kwa nchi yenye historia hiyo, na hakuna aliyeuawa kwa ajili yake. Wafuasi waliokuwa hawasalimiani walirudi kuzikana. Kasi ya mabadiliko hayo inawapa kazi wale waliokuwa wakisema kuwa chuki hiyo ni ya damu na asili. Imetulia wakuu walipokubaliana, na imepanda walipokosana.

Ilipanda tena mwaka 2015. Oktoba 28, siku tatu baada ya kura kupigwa, mwenyekiti wa tume, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wote. CUF ikasusia marudio ya Machi 20, 2016, na Shein akapata asilimia 91.4. Mjini Unguja, vijana waliofunika nyuso, ambao watu waliwaita mazombi, walipita mitaani wakipiga watu. Kisiwani Pemba wenye maduka wa CUF walikataa kuwauzia watu wa CCM, madereva wakakataa kuwapakia, mazao yakakatwa usiku mashambani, na misiba ya wana-CCM ikakosa watu. Wazee waliokumbuka mwaka 1958 hawakuhitaji kuelezwa kinachofanyika.

Maalim Seif alihamia ACT-Wazalendo mwaka 2019, na wafuasi wake wengi wakahama naye kwa siku chache, ishara kwamba uaminifu wao ulikuwa kwa mtu na kwa upande kuliko kwa jina la chama. Baada ya uchaguzi wa 2020, ambao chama chake kiliulalamikia vikali, alikubali Desemba kuingia katika serikali ya Rais Hussein Mwinyi. Alifariki Februari 17, 2021, na Othman Masoud Othman akachukua nafasi yake ya Makamu wa Kwanza.

Mpango wa 2010 uligawa Baraza la Mawaziri. Chini ya hapo haukugawa kitu. Wakuu wa mikoa na wilaya waliendelea kuteuliwa na rais, na masheha kuteuliwa na wakuu wa mikoa, nao wakabaki ndio wanaoulizwa nani ni mkaazi wa shehia na nani si mkaazi.