Kwa Nini Magugu Hugeuka Meupe

Mkulima aliyepiga dawa ya magugu katika shamba lake la mahindi, akirudi baada ya siku chache, huenda akaona jambo la ajabu: majani machanga ya magugu yamekuwa meupe kama karatasi. Wako wasemao kuwa ni ugonjwa, na wako wasemao kuwa ni uchawi. Si hili wala si lile.

Kila jani lina rangi zaidi ya moja. Rangi ya kijani, iitwayo klorofili, hunasa mwanga wa jua, na kwa nguvu ya mwanga huo mmea hujipikia chakula. Pamoja nayo imo rangi ya manjano, jamaa ya ile iliyomo katika karoti. Kijani huificha isionekane, lakini kazi yake ni kubwa: huikinga klorofili na jua lililozidi, kama mwavuli umkingavyo mtu.

Basi dawa iitwayo mesotrioni haiigusi klorofili yenyewe. Huzuia kimeng'enya kimoja, na kikizuiwa hicho mmea hauwezi kutengeneza rangi ya manjano. Mwavuli ukisha kuondoka, jua lile lile lililoulisha mmea ndilo liunguzalo klorofili. Majani mapya hutoka meupe, chakula hakipikwi, na gugu hufa kwa njaa.

Asili ya dawa hii ni mti. Mwaka 1977, huko California, Marekani, mtaalamu mmoja aliona kuwa magugu yalikuwa machache chini ya mti wa mapambo utokao Australia, wenye maua mekundu mfano wa brashi ya kuoshea chupa. Ikajulikana kuwa mti huo una kitu kinachoifanya mimea mingine iwe meupe. Wataalamu wakaiga kitu hicho, na mesotrioni ikaanza kuuzwa mwaka 2001.

Mahindi huokoka kwa kuwa huivunja dawa upesi kabla haijayadhuru. Maharage hayana uwezo huo. Nasi wengi wetu hupanda mahindi na maharage katika shamba moja! Apigaye dawa hii humo atavuna mahindi, na maharage atayakosa. Tena dawa yaweza kubaki udongoni ikadhuru maharage ya msimu ufuatao.

Kwa hiyo twawasihi waalimu na wazee wa vijiji wawasomee wakulima maandishi ya chupa kabla haijafunguliwa, na bomba lioshwe vema kabla ya kupelekwa shamba jingine.