Mashine ya Kufyeka Nyasi Ikikataa Kuwaka: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kumlipa Fundi



Vikundi vingi siku hizi vimenunua mashine ya kufyekea nyasi, ile ya kubebwa begani kwa mkanda, inayotumia petroli na kukata kwa kamba ya nailoni au kwa kisu cha chuma. Vijana wanaiita brashkata. Wengine wanaikodisha, wengine wamepata kazi ya kufyeka kiwanja cha shule au zahanati, na wale wa ng'ombe wa maziwa wanakatia nyasi za Rhodes za kukausha. Ni mradi mzuri, hasa baada ya mvua ndefu, nyasi zinapoota kila pahali na watu wa slasha hawatoshi.

Shida ni kwamba tumezikuta mashine hizo hizo zimelala kwenye stoo ya mwenyekiti, zimefunikwa gunia, na mkopo bado unalipwa kila mwezi. Halafu maneno huingia. Akina mama wanasema vijana wameharibu mali ya kikundi, vijana wanasema mweka hazina alinunua mashine ya bei rahisi. Kikundi kimoja tulichotembelea kilikuwa karibu kugawanyika. Fundi alikuwa amelipwa mara mbili na mashine ilikuwa bado inazima kila baada ya dakika kumi. Kumbe kilichoziba ni katundu kadogo kwenye kifuniko cha tangi. Tutaeleza hapo mbele. Tunaandika haya ili mweze kujua wenyewe ugonjwa uko wapi kabla pesa hazijatoka.

Mafuta kwanza

Tukiulizwa ni nini kinaua mashine hizi zaidi, tutasema ni mafuta. Nyingi zina injini ya tu-stroki. Pikipiki nyingi za bodaboda si za namna hii. Pikipiki ina oili yake chini ya injini, na petroli yake kwenye tangi, na hivyo viwili havikutani. Injini ya tu-stroki haina pahali pa kuweka oili. Oili yake inachanganywa ndani ya petroli, na ndiyo inayolainisha pistoni. Ukiweka petroli tupu mashine itawaka vizuri, tena kwa nguvu, halafu baada ya muda mfupi pistoni inakwaruzika na injini inanoki. Hapo hakuna la plagi wala kabureta. Hiyo ni silinda na pistoni mpya, na mara nyingi bei yake inafanya kikundi kuiacha mashine kabisa.

Oili yenyewe iwe ile iliyoandikwa 2T kwenye chupa. Oili ya gari au ya pikipiki si yake. Kipimo kinatoka kwenye kitabu cha mashine, au kimeandikwa kwenye kifuniko cha tangi. Kikiandikwa 25:1, maana yake kila lita moja ya petroli inapata mililita 40 za oili. Kikiandikwa 50:1, ni mililita 20 kwa lita. Kwa jerikeni ya lita tano basi ni mililita 200 au 100. Msipime kwa kifuniko cha soda wala kwa macho. Nunueni sindano kubwa ya mifugo, ile ya mililita 20, kwenye duka la dawa za mifugo, mtoe ncha yake, muiweke kwa kazi hiyo tu. Wekeni oili kwenye jerikeni na petroli nusu, tikiseni, ongezeni petroli iliyobaki, tikiseni tena. Msichanganye ndani ya tangi la mashine. Na mchague mtu mmoja wa kuchanganya, jina lake lijulikane, kwa sababu wakichanganya wawili kila mmoja atafikiri mwenzake ndiye aliyeweka oili.

(Ziko mashine chache za stroki nne ambazo zina pahali pake pa oili, kama pikipiki. Hizo hazichanganyiwi. Angalieni kitabu.)

Petroli nayo huzeeka. Ikikaa kwenye jerikeni zaidi ya mwezi mmoja, inapoteza ile nguvu ya kuwaka haraka, na ikikaa ndani ya kabureta inaacha gamu inayoziba vitundu. Mashine iliyofanya kazi vizuri mwezi wa Juni na kukataa kuwaka mwezi wa Oktoba, mara nyingi haina ugonjwa mwingine. Mwageni mafuta ya zamani mbali na kisima na shamba, wekeni mapya, mjaribu.

Kuna pia petroli ya chupa za barabarani. Tunajua kituo kiko mbali, lakini hayo mafuta hamjui yamekaa siku ngapi, wala yamechanganywa na nini. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia watu kuyachanganya na mafuta mengine, lakini ushuru haumzuii mwenye kibanda kuongeza maji. Mimineni petroli kidogo kwenye chupa nyeupe ya kioo na mwiache itulie: maji yatakaa chini peke yake. Kwa mafuta ya taa, dondosheni tone moja kwenye karatasi kabla hamjaweka oili. Petroli safi hukauka na kupotea, lakini ikiwa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Chupa ikishatumika hivyo isirudi jikoni. Watoto wamekunywa petroli wakidhani ni maji.

Haiwaki kabisa

Anzeni na swichi. Msicheke. Tumeona watu wanne wakivuta kamba kwa zamu mpaka mikono inatoka malengelenge, na swichi imekaa kwenye kuzima.

Halafu fuateni utaratibu wa kuwasha. Injini ikiwa baridi, bonyezeni ule mpira mdogo wa kuvuta mafuta mara tano au sita hadi muone mafuta yanapita ndani yake. Fungeni choki, vuteni kamba. Mkisikia imekohoa mara moja kama inataka kuwaka, fungueni choki na mvute tena. Wengi hapa ndipo wanapokosea: inakohoa, wao wanaendelea kuvuta na choki imefungwa, na injini inajaa mafuta. Mtajua kwa harufu ya petroli na plagi kutoka imelowa. Basi toeni plagi, mfungue choki, geuzeni mashine tundu la plagi liangalie chini, mvute kamba mara kadhaa mafuta yatoke. Kausheni plagi, mpumzike robo saa, mrudishe na kuwasha choki ikiwa wazi.

Ule mpira ukibonyezwa na usijae mafuta, kuna pahali panaingiza hewa. Angalieni kama umepasuka. Angalieni mipira miembamba ya mafuta kutoka kwenye tangi. Jua na petroli huifanya iwe migumu na kupasuka. Ndani ya tangi, kwenye ncha ya mpira mmoja, kuna kichungi kidogo kizito. Kivuteni nje kwa waya uliopindwa kama ndoano. Kikiwa cheusi kimeganda uchafu, badilisheni. Ni kitu cha pesa kidogo sana.

Mafuta yakiwa yanafika, nendeni kwenye plagi. Rangi yake inasema mengi. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, injini iko sawa. Nyeusi na imelowa, mafuta ni mengi mno au cheche ni dhaifu. Nyeusi yenye masizi makavu, hewa haitoshi, kwa hivyo fungueni kichungi cha hewa. Nyeupe sana, injini inapata moto kupita kiasi, mafuta ni kidogo au kuna pahali inanyonya hewa. Simamisheni kazi kabla pistoni haijaharibika. Safisheni plagi kwa brashi. Nafasi kati ya zile ncha mbili ni kama milimita 0.6 hadi 0.7.

Kupima cheche: panguseni petroli yote iliyomwagika, sogeeni mbali na jerikeni. Rudisheni plagi kwenye kofia ya waya wake, gusisheni chuma chake na chuma cha injini mbali na lile tundu, mkishika kwa koleo yenye mpira, na mwenzenu avute kamba. Fanyeni kivulini ili muone. Cheche ya buluu yenye nguvu ni nzuri. Isipoonekana, jaribuni plagi mpya kabla ya kitu kingine chochote. Bei ya plagi haifiki bei ya kuku. Ikikataa bado, angalieni waya wa swichi kama umechubuka na kugusa chuma, maana hapo ni kama swichi imezimwa wakati wote.

Mwisho vuteni kamba polepole na msikie. Inatakiwa iwe nzito, halafu iachie, halafu iwe nzito tena. Ikiwa laini muda wote, kama kamba ya kisima isiyo na ndoo, basi mgandamizo umekwisha. Hiyo ni ringi au pistoni na ni kazi ya fundi. Mwambieni afungue ekzosi na mwangalie wenyewe pistoni kupitia tundu lake. Mkiona mikwaruzo mirefu, mulizane nani alichanganya mafuta.

Inawaka lakini haifanyi kazi

Sasa tuje kwa kile kifuniko. Tangi lina katundu ka kuingiza hewa, mara nyingi kwenye kifuniko. Mafuta yakipungua lazima hewa iingie kujaza nafasi. Katundu kakiziba kwa vumbi na nyasi, mafuta yanakataa kutoka, kama vile debe lenye tundu moja tu. Mashine inawaka, inakata vizuri dakika kadhaa, inazima. Mkipumzika, hewa inajipenyeza kidogo kidogo na mashine inawaka tena. Kwa hivyo kila mtu anafikiri ni joto. Ikizima, legezeni kifuniko. Mkisikia sauti ya hewa kuvutwa ndani na mashine ikawaka mara moja, mmepata. Safisheni kwa mswaki na maji ya sabuni, mkaushe. Msitoboe kwa msumari, mafuta yatamwagikia mgongoni mwa anayefyeka.

Ikikosa nguvu, na inavuta pole pole ukikanyagia mafuta, kuna mambo matatu. Kichungi cha hewa ni cha kwanza. Kwenye nyasi kavu hujaa mavumbi kwa siku moja. Kikiwa cha sponji kioshwe kwa maji ya sabuni, kikamuliwe bila kusokotwa, kikauke kabisa. Msiendeshe bila kichungi hata siku moja, vumbi ni msasa ndani ya silinda. La pili ni ekzosi. Ndani yake mara nyingi kuna wavu mdogo wa kuzuia cheche za moto, na oili ikizidi kwenye mafuta wavu huo hujaa masizi. Injini ni kama mtu aliyezibwa pua. Ikipoa utoeni, mpigeni brashi ya waya.

La tatu linaudhi kidogo. Kwenye ile ngao ya plastiki iliyo juu ya kamba ya nailoni kuna kijembe kidogo cha kukata kamba isiwe ndefu kupita kiasi. Vijana hutoa ngao ili kamba iwe ndefu na kazi iende haraka. Injini hiyo imebebeshwa mzigo usio wake, inapata moto, inakosa nguvu. Na mawe yanaruka bila kuzuiliwa. Rudisheni ngao. Wala msifunge waya wa seng'enge badala ya nailoni. Kipande kikikatika hutoka kama risasi. Watu wengine wakae mita 15 mbali, na anayefyeka avae miwani na buti.

Kamba ikizunguka hata kama hamjakanyagia mafuta, ama injini imewekwa kasi kubwa ikiwa imetulia, ama springi ya klachi imekatika. Mashine ya namna hiyo isifanye kazi mpaka irekebishwe. Na kila mnapotaka kutoa nyasi zilizojisokota pale chini, zimeni na mchomoe kofia ya plagi kwanza.

Fundi anapokuja

Mafundi wengine wakifika tu wanashika bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta. Sisi tungewauliza: mashine ilifanya kazi jana na hakuna aliyegusa skrubu, zimejizungusha zenyewe usiku? Hilo liwe la mwisho, na kabla ya kugusa aweke alama pahali zilipokuwa. Fundi wa bodaboda akija, mwelezeni kwamba hii ni tu-stroki na kabureta yake haina boya kama ya pikipiki. Ina ngozi nyembamba ya mpira, ndiyo maana mashine inafanya kazi hata ikiinamishwa. Ngozi hiyo ikikauka na kuwa ngumu hubadilishwa, haioshwi kwa petroli ikapona. Mwambieni mliyoyapima na mliyoyakuta, na spea ya zamani akiitoa awaachie, iwekwe mezani siku ya mkutano pamoja na risiti. Msimu wa kufyeka ukiisha, mwageni mafuta kwenye tangi, muiwashe mpaka izime yenyewe, ndipo irudi kwenye stoo.