Kuutembelea Mji wa Mbarara

Sisi tutokao Nakivale huenda Mbarara kwa haja tu: kumpeleka mgonjwa hospitali, kufuata karatasi, au kununua kitambaa cha sare. Mtu akiisha haja yake hurudi upesi, wala hajui mji ule una nini. Likizo iliyopita mimi na ndugu yangu tulikwenda bila haja yo yote ila kutazama, kama watalii wafanyavyo. Wenzangu wameniuliza maswali mengi, basi nitaeleza.

Kwanza ni habari ya ruhusa. Wako wadhanio kuwa mkimbizi hana budi kukaa pale pale alipoandikishwa. Sivyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa haki ya kutembea nchini, ingawa imeiwekea haki hiyo mipaka. Chukua kitambulisho chako, utembee.

Njia ni kilomita zipatazo 60, nayo hupita katika migomba ya Isingiro. Mbarara ilifanywa jiji tarehe 1 Julai, 2020. Mto Rwizi hupita hapo, na maji yake huelekea mashariki mpaka Ziwa Viktoria. Panda kilima cha Kamukuzi, palipokuwa na ikulu ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Falme za Uganda zilifutwa mwaka 1967. Katika miaka ya 1990 Buganda, Bunyoro na Toro zilirudishwa, lakini Ankole haikurudishwa mpaka leo. Kwa hiyo unatazama makao ya ufalme usiokuwapo.

Pahali pazuri kuliko pote ni Biharwe, katika barabara ya Kampala. Pana nyumba ya makumbusho ya Igongo, na karibu yake mnara wa ukumbusho wa kupatwa kwa jua mwaka 1520. Wazee wa huko husimulia kwamba jeshi la Bunyoro lilikuwa likipita na ng'ombe wa kuteka. Giza lilipoingia mchana askari walikimbia, wakawaacha ng'ombe. Wenyeji wakasema wameanguka kutoka mbinguni! Mimi napenda hesabu za nyota, nikakaa hapo muda mrefu.

Mahali pamoja pa kulipa kiingilio, ambapo sipataji, tuliulizwa, "Ninyi ni wananchi au wageni?" Bei si moja. Ndugu yangu alinitazama. Nikajibu, "Mzee, wazazi wetu wametoka Kongo, nasi tumezaliwa Nakivale." Mzee yule alifikiri kidogo, akatukatia tiketi za wanafunzi. Basi usisahau kitambulisho cha shule pia.

Mjini Kiswahili hakitoshi. Mtu akikuamkia "Agandi", itika "Nimarungi". Uso wake hufunguka mara moja. Nauli ya kurudi ifunge kando kabla hujanunua cho chote, maana sokoni vitu ni vingi, na magari ya jioni hujaa upesi.