Tuuze Kabla Barua Haijaja?

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa jikoni na kanga yangu kifuani, nakaanga vitumbua, mara nikasikia geti linagongwa. Kufungua, namkuta dalali, yule wa pikipiki ambaye mtaa wetu wote hapa Goba unamjua. Nyuma yake kuna baba mmoja na mkewe, wamevaa vizuri kama wanaenda harusini.

"Habari za asubuhi dada. Mzee yupo? Tumekuja kuona nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Si hii hapa."

Mpenzi msomaji, vitumbua viliungua vyote. Yule mama alikuwa ameshaingia, anatazama dari, anagonga kabati zangu za jikoni kwa kucha. Mume wangu akatoka chumbani na taulo begani, akaniangalia, akaangalia chini. Hapo nikajua kila kitu.

Wageni walipoondoka aliniambia, "Mama, nilitaka kujua bei tu." Ofisini kwao (ni taasisi ya umma, sitaitaja) kulikuwa na tetesi kwamba makao makuu yanahamia Dodoma. Barua hakuna. Tarehe hakuna. Ila kila mtu alikuwa anaongea kwa uhakika kama vile amelala na mkurugenzi chumba kimoja. Baba watoto akaona bora tuuze mapema, kabla wenzake wote hawajaanza kuuza.

Yule mgeni aliacha neno: milioni 90, taslimu.

Nilinuna siku tatu. Si kwa sababu ya bei. Kiwanja tulikinunua mwaka 2013 kwa milioni 7, tukajenga kidogo kidogo kama watu wengi wa rika letu: mwaka huu msingi, mwaka ujao tofali, bonasi ikitoka tunapaua. Tulihamia 2017 bila dari, bila rangi, madirisha mawili yamezibwa kwa turubai. Mwanangu wa pili aliletwa hapo kutoka hospitali. Sasa mtu anagonga kabati langu kwa kucha!

Lakini hasira si hoja, na hili swali haliko kwetu peke yetu. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na kwa miaka zaidi ya arobaini watu wa Dar waliuchukulia kama hadithi. Halafu Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahama kweli. Septemba mwaka huo huo Waziri Mkuu Majaliwa akawa ameshahamia, na mwaka 2018 sheria ikapitishwa kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Tangu hapo, wanandoa wangapi wameketi kitandani usiku wakiulizana "tuuze au tusiuze?" Mimi nawajua wawili, na hadithi zao ndizo zilizonisaidia.

Wa kwanza ni shoga yangu wa tangu chuo. Mwaka 2016 tangazo lilipotoka tu, yeye na mumewe wakauza nyumba yao upesi, wakidhani wamewahi. Mume akapangiwa kazi nyingine hapa hapa Dar. Hawakuhama! Leo wamepanga Tabata, wanalipa kodi ya miezi sita sita. Na ule mshiko? Si unajua tena hela ikikaa benki inavyoitwa na ndugu: mchango wa harusi ya wifi, matibabu ya baba mkwe, gari "dogo tu la kutembelea". Aliniambia, "Hatukuila kwa anasa, shoga. Iliisha tu."

Wa pili ni mfanyakazi mwenzake mume wangu wa zamani. Yeye alikataa kabisa kuzungumzia kuuza mpaka aione barua. Barua ikaja, akapewa wiki chache. Mnunuzi aliyempa milioni 85 miezi michache nyuma alipopigiwa simu akasema, "Kaka, siku hizi nina 60." Mnunuzi ananusa haraka yako kama paka anavyonusa samaki. Akauza kwa 60. Kweli, serikali humlipa mtumishi gharama za uhamisho na za kubeba mizigo, ila hakuna posho ya hasara ya nyumba uliyoiuza kwa presha.

Kwa hiyo mapema kuna shimo, na mwisho kuna shimo. Siku ya nne nikamwambia mume wangu, "Kaa hapa, tupige hesabu." Tukaandika nyuma ya karatasi ya mchango wa shule, chai ikipoa.

Swali la kwanza nililouliza: tunauza nini hasa? Maana hatukuwa na hati. Tulikuwa na mkataba wa mauziano wenye mhuri wa serikali ya mtaa, basi. Urasimishaji ulipopita mtaani kwetu tulilipa nusu, tukasahau. Na watu wa Dar siku hizi wameamka. Baada ya nyumba za barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, kubomolewa mwaka 2017 kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mnunuzi mwenye akili huuliza karatasi kabla ya kuuliza vyumba. Isitoshe, anayenunua kwa mkopo wa benki hawezi kununua nyumba isiyo na hati, kwa sababu benki itashika nini? Maana yake tulikuwa tunawauzia watu wa taslimu peke yao, na hao ndio wanaopunguza bei. Zile milioni 90 zilikuwa bei ya nyumba isiyo na hati.

Swali la pili lilikuwa kodi. Hapa wengi huwa tunafumba macho. Ukiuza nyumba kwa faida, sheria ya kodi ya mapato ya 2004 inakudai asilimia 10 ya faida hiyo. Nyumba uliyoimiliki miaka 3 au zaidi na kuishi humo kwa jumla ya miaka 3 au zaidi inasamehewa, mradi faida isizidi milioni 15. Faida yetu ingezidi. Na faida huhesabiwa kwa kutoa gharama zako, ambazo lazima uzithibitishe. Nikaleta bati la biskuti tunaloweka risiti. Tulijenga kwa zaidi ya milioni 60, risiti tulizokuta hazifiki 20. Mafundi wa mtaani na risiti wapi na wapi! Kama unajenga sasa, dada yangu, kaka yangu, tunza hata kikaratasi cha misumari.

Tatu, tukiuza tutarudi na nini? Jirani yetu juzi ameuza kiwanja kitupu, saizi ya chetu, kwa milioni 30. Tukishatoka Goba hatutarudi Goba. Lakini nyumba kama yetu hapa inapangishwa kwa 500,000 kwa mwezi, milioni 6 kwa mwaka. Ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 10 inabaki milioni 5 na laki 4. Nyumba tuliyoulizia Kisasa, Dodoma, mwenyewe alitaka 400,000, yaani milioni 4 na laki 8 kwa mwaka. Nyumba inalipa nyumba, na laki 6 inabaki ya kuziba mabati yanayovuja. Si utajiri, ila hatuli mtaji.

Mume wangu akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe nilitaka kuuza kwa woga."

Nikaona na mimi niseme langu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya kabati na dari, lakini nyumba haikuwa ndiyo iliyoniuma. Kazi yangu iko Dar. Ofisi ya jarida, wapiga picha, watu ninaowahoji, wote wako hapa. Nyumba ikiuzwa, inamaanisha nami nimeshahama, na hakuna mtu aliyeniuliza kama nitahama. "Ulileta mnunuzi," nikamwambia, "kabla hujaniuliza nitafanya nini huko."

"Sikujua unawaza hilo."

"Hukuuliza."

Kiwanja kina jina lake peke yake. Sikumtishia, ila nilimkumbusha kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina ni la mmoja. Wanaume wengi hushtuka wakisikia. Wangu alicheka kidogo, akasema basi hati ikitoka iwe na majina mawili. Hilo sikulitegemea!

Tukakubaliana hivi. Hatuuzi kwa tetesi. Tunamalizia hela ya upimaji, tunafuatilia hati mpaka itoke. Barua ikija, yeye atatangulia na kupanga chumba, watoto wamalize mwaka wa shule mpaka Desemba. Tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, Ijumaa jioni mtu anaweza kutoka kazini kule na usiku akala wali nyumbani. Ndoa ya wikiendi ina shida zake, najua, tumeziandika humu mara nyingi. Tumejipa mwaka mmoja wa kuijaribu. Nami ndani ya mwaka huo nitaongea na bosi wangu kuhusu kuhariri nikiwa mbali. Tukiona maisha yote yako kule, ndipo tutauza, kwa hati mkononi na bila kukimbizwa.

Wiki mbili zilizopita mpima alikuja, akapanda vigingi vya saruji kwenye kona nne. Kimoja kimeangukia kwenye tuta langu la mchicha. Barua bado. Dalali naye hajakata tamaa, kila akipita anapiga honi. Jumapili alisimama, akamwambia mume wangu kwamba yule mzee sasa ana milioni 95.

Mume wangu akaonyesha kidole jikoni. "Muulize mama."